Jina la Wekesa kwenye Picha ya Mutiso

Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, hapa hapa Komarock. Sikuhadithiwa na mtu, wala sikuota. Najua watu wa Nairobi mnavyopenda kucheka, mtasema mama huyu kompyuta imemchanganya akili. Chekeni. Ila kabla hujamaliza kucheka nisikilize, maana nitakueleza jinsi nilivyokaribia kumuua ndugu yangu wa tumbo moja kwa kubonyeza kitufe kimoja, nikiwa nimekaa zangu, kikombe cha chai mkononi.

Nafanya kazi kwenye duka la uchapishaji kando ya barabara ya Kangundo. Tunachapisha kadi za harusi na vitabu vya risiti, lakini usidanganyike, kinachotulisha ni mazishi. Tunatoa programu za ibada, na zile picha kubwa za kadibodi zinazobebwa mbele ya jeneza. Mwenye duka ni mjane mmoja, Mama Ndinda, mlokole asiye na mchezo, na ana sheria yake: picha ya marehemu hatuitazami. Unatafuta faili yake kwenye kompyuta, unaamuru printa, inatoka imelala kifudifudi, unaifunga hivyo hivyo kwa gazeti na selotepu. Macho ya kwanza kuiona yawe ya watu wake. Anasema sisi si wafiwa, hatuna haki ya kukodolea. Mimi niliona ni heshima, na miaka sita niliifuata bila swali.

Mdogo wangu Mutiso ndiye niliyemwingiza kazini hapo. Mama yetu alifariki Mutiso akiwa na miaka tisa, nikamlea mimi, nikamsomesha kwa kuuza mitumba. Sasa ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, mrefu, mtani, anayeamini kwamba chakula kinajipika chenyewe. Nampenda mpaka nachukia. Sisi wawili ndio tuliobaki wa tumbo la mama yetu, hakuna mwingine.

Dukani tuna kompyuta nne, zote zinaingia kwenye seva moja. Ukiweka kitu pale, wote tunakiona. Ijumaa moja Mama Ndinda akachoka. Picha za marehemu zilikuwa zimejaa kwenye seva na majina ya kamera, herufi na tarakimu tupu, ukitafuta ya mtu mmoja unapoteza nusu siku. Akaniambia nizibadilishe majina zote, kila picha iitwe kwa jina la mwenyewe. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Orodha ya majina nilikuwa nayo, imepangwa jinsi picha zilivyoingia, na nilikuwa nimejifunza amri ya kuzibadilisha kwa mpigo: jina la kwanza linakwenda kwa picha ya kwanza, la pili kwa ya pili, mpaka mwisho. Nilijiona fundi kweli kweli.

Nisilojua ni kwamba asubuhi hiyo Mutiso alikuwa amejipiga picha ya leseni ya udereva, akaitupa kwenye folda ya marehemu kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi mbele yake. Mchana ikaingia picha ya mteja wa mwisho, nyuma ya ile ya Mutiso. Mimi nikabonyeza. Majina yakakaa yote kwa kufumba na kufumbua, na chini kabisa ikabaki picha moja haina jina. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nikasema hii imejirudia, nikaifuta bila kuifungua. Na kwenye seva yetu ukifuta umefuta, hakuna pipa la taka la kwenda kuchakura. Nikamaliza chai yangu.

Umeona nilichofanya? Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa Silvanus Wekesa, na sasa lilikuwa limekaa kwenye uso wa Mutiso. Uso wa Wekesa ndio niliofuta.

Huyu Wekesa alikuwa kibarua wa viwandani, mtu wa Bungoma. Wiki iliyotangulia alipigwa mpaka kufa kwenye steji moja upande wa Dandora, eti ameiba simu. Simu yenyewe ilikutwa baadaye ndani ya mkoba wa mwenye simu. Dada yake, Nekesa, ndiye aliyetuletea picha yake ya karatasi, nikaipiga kamera bila kuikodolea, nikaitia kwenye seva na kuifuta kwenye kamera, naye akaondoka na karatasi yake. Jioni ile ya Ijumaa nikaandika jina, nikatoa picha kubwa, nikaifunga bila kuitazama, nikampa mtu wa boda aipeleke mochari kwa mjomba wao aliyekuja kuchukua mwili. Nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi, kunapambazuka tu, Mutiso alikuwa nje ya nyumba yetu anapiga mswaki. Akasikia mzee anamwita. Maneno yenyewe hakuyaelewa, lakini aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulijua ni yeye anayeitwa. Akaitika. Nyanya yetu alitukanya tangu utotoni, ukiitwa na usiyemwona nyamaza, lakini mjinga yule akaitika, akaacha mswaki chini akaelekea langoni na ndala zake. Hapo langoni kitu kikampiga mgongoni akaanguka kifudifudi. Niliposikia kishindo nikatoka mbio, nikamkuta anatambaa, na hapakuwa na mtu, si ndani ya ploti wala nje.

Jumapili mgongo wake ulikuwa na alama ndefu nyeusi, upana wa ubao. Nilimgombeza mpaka majirani wakasikia. Nilimwambia ameanza kulewa na kupigana ovyo, kwamba marehemu mama anamwona na kumlilia. Akaapa kwa jina la mama kwamba hakupigana na mtu. Sikumwamini, Mungu anisamehe.

Jumatatu asubuhi simu ya duka ikalia, na alikuwa Nekesa kutoka Bungoma. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na hilo ndilo lililonitisha. Akanieleza kitu ambacho mimi Mkamba sikukijua. Kwao, mtu akiuawa mbali na nyumbani, hauchukuliwi mwili peke yake. Mzee wa ukoo huenda pale alipoangukia, alfajiri kabla ya safari, anamwita kwa jina lake na la mama yake, anamwambia twende nyumbani, la sivyo mwili utazikwa na mwenyewe atabaki kule kule anazunguka. Siku hizi wanashika na picha. Basi mjomba alikwenda, akafungua gazeti langu, akauona uso wa kijana. Wekesa mwenyewe, mjomba hakuwahi kumwona tena tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Akaushika uso ule mbele yake akaita, "Wekesa, mwana wa Nasimiyu, twende nyumbani."

"Mjomba aliifunga tena picha, tulikuja kuiona kaburini, tumeshashusha jeneza," Nekesa akaniambia. "Huyu mtu hatumjui. Mjomba ameita uso wa mwingine, dada. Huyo mwenye uso ako hai?"

Nikafungua faili ya Silvanus Wekesa. Mutiso akanitazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta, amevaa koti nililomnunulia Krismasi, anatabasamu. Nikakaa chini sakafuni. Nikamwomba Nekesa anitumie picha ya kaka yake tena, akasema haipo nyingine, ile ya karatasi ilikuwa moja tu na wameilaza na marehemu ndani ya jeneza. Uso pekee uliokuwa umebaki juu ya ardhi ni ule niliofuta.

Sikumwambia Mutiso. Nilitaka nijue kwanza la kufanya. Mama Ndinda alikuwa ameenda mjini kununua karatasi, na saa nane hivi tulikuwa wawili dukani, yeye kwenye mashine ya kukata, mimi nimekaa kama zuzu. Akaingia mwanamume mwenye sweta la kofia, kofia imemfunika mpaka puani. Alinuka moshi wa tairi. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaookota chupa dampo la Dandora, hunuka moshi hivyo hivyo, na nikataka kumwambia leo hatuna karatasi za kutupa.

"Niaje, sista," akasema kwa upole. "Nimekuja kuchukua picha yangu."

Nikamuuliza jina, kwa mazoea tu, jinsi unavyomuuliza mteja yeyote. Akasema, "Silvanus Wekesa." Kisha akavuta kofia nyuma.

Niseme nini? Jicho moja halikuwepo. Taya lilikuwa limehamia upande, na nywele upande wa kulia zimeungua zikashikana na ngozi. Hata hivyo maneno yake yalitoka sawasawa, bila kukwama. Na kabla sijapata pumzi ya kupiga nduru, nduru ikatoka nyuma yangu. Nikageuka. Mutiso alikuwa ameshika mdomo, damu inapita katikati ya vidole. Mdomo ulipasuka tena mbele ya macho yangu, mkono wa mtu sikuuona, meno mawili yakadondoka juu ya programu tulizokuwa tunakata. Nikamkumbatia nimkinge. Pigo la tatu lilipita mikononi mwangu likampata yeye, na niamini ninapokuambia, upepo wa ngumi ile niliusikia shavuni.

Mimi si mtu wa kulia kwanza. Nilichukua mkasi wa karatasi nikamrukia yule mgeni, nikamwita mshenzi, nikamwambia amwache mtoto wangu. Ndiyo, nilisema mtoto wangu. Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kukimbia. Hakunirudishia.

"Si mimi ninayempiga," akasema. "Ni wao. Mjomba aliuita uso wake na yeye akaitika, sasa yuko pale steji mahali pangu. Walianza na mgongo. Kisha wakaja kwa mdomo, kwa sababu nilikuwa nawaambia jina langu. Bado jiwe."

Nikamuuliza nifanye nini. Nikasema niko tayari kupiga magoti, kulipa, chochote. Akasema niende pale alipoangukia nimwite vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyemtenga na uso wake, na mjomba hawezi kuita mara mbili. Nikamjibu ukweli, kwamba uso wake sina tena, niliufuta. Halafu akaenda mwenyewe kwenye kona tunapopigia picha za pasipoti, akakaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheupe, akaweka mikono magotini, akatulia akisubiri.

Nilichukua kamera. Mutiso alikuwa analia pale chini. Nikapiga. Nilipotazama kioo cha kamera, haki ya Mungu, uso ulikuwa mzima. Macho yote mawili, masikio yamesimama kidogo, tabasamu la mtu mwenye haya. Nikaitia kwenye kompyuta nikaipa jina kwa vidole vyangu, herufi moja baada ya nyingine. Nikaitoa kubwa, na safari hii niligeuza karatasi nikamtazama usoni, sheria ya Mama Ndinda ikae huko. Nilipoinua kichwa kigoda kilikuwa kitupu.

Mutiso alikuwa anatapika damu. Nikamwita Faith, dada wa saluni jirani, nikamwambia akae naye amshike kichwa, nikapanda boda na picha kifuani. Njia nzima nilikuwa namsukuma dereva kwa maneno. Nilichokuwa nikiwaza ni kitu kimoja tu, jiwe.

Pale steji palikuwa pamejaa kama siku yoyote. Makanga wanaita abiria, kina mama wanauza mahindi, mtu anakaanga viazi. Palikuwa na doa jeusi kwenye lami karibu na mtaro, na watu walikuwa wanalizunguka bila kulikanyaga, ndipo nikajua ni hapo. Nikasimama, nikainua picha, nikaita, "Wekesa, mwana wa Nasimiyu, twende nyumbani."

Kelele zikapungua kwanza. Nikaona wanatazama picha, halafu wanatazamana. Hapo nilielewa kosa langu. Nilikuwa nimekuja kumwita marehemu, nikasahau kwamba waliomuua ndio wanaoshinda pale kila siku. Kijana mmoja makanga akanijia, akaniuliza nani amenituma na hiyo picha. Nikamwambia sijatumwa. Nikaita mara ya pili, akanizaba kofi. Mwingine akasema huyu ni wa polisi, amekuja kutuonyesha. Nyuma yao sauti, sijui ya nani mpaka leo, ikasema neno lile moja linalotosha Eastlands hii yote. Ikasema mwizi.

Hujawahi kupigwa na watu wengi, basi omba usipigwe. Huoni mtu, unaona viatu na mikono. Ubao ulinipata mgongoni nikaenda magoti. Ngumi ikaja mdomoni. Nikawaza, mgongo, mdomo, ni ule ule utaratibu, na nikiwa pale chini nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, kwa sababu kama yananiangukia mimi basi hayamwangukii Mutiso. Picha nilikuwa nimeilalia isichanike. Nikainua kichwa nikaona mwanamume mzima, mwenye aproni ya kukaanga viazi, ameshika jiwe la ujenzi kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

Nikaita mara ya tatu. Niliita na damu mdomoni, nikanyoosha picha juu kumwelekea yeye mwenye jiwe. Nikasema, "Anaitwa Wekesa. Mama yake ni Nasimiyu. Aliwaambia."

Mama mmoja wa mahindi akasema, "Ngojeni." Hakupaza sauti. Akasema tena, "Ngojeni. Ni kweli alikuwa anasema hilo jina." Nao wakangoja, mmoja baada ya mwingine mikono ikashuka. Lakini jiwe lilikuwa limeshaachiliwa. Lilinipata sikio la kushoto, nikalala.

Nikiwa nimelala pale nilikuwa naona miguu yao yote, imenizunguka, vidole vinanielekea. Jozi moja tu ndiyo iliyokuwa imenipa kisigino. Ilitoka katikati ya watu taratibu, hakuna aliyepisha wala aliyeguswa. Nilimfuata kwa macho mpaka barabarani. Upande wa kichwa ulioungua ulikuwa mzima, nywele zote zipo. Akaenda kuelekea magharibi, hakugeuka.

Sikio hilo halisikii mpaka leo, na kichwa hunigonga baridi ikija. Faith aliniambia kwamba Mutiso alifumbua macho saa tisa kasoro, akaomba maji, akauliza dada yuko wapi. Nekesa alipiga simu siku ya pili, nikiwa nimelazwa hospitali. Hakuwa na habari ya yaliyonipata, alitaka tu kunijulisha kwamba mama yao amelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu msiba. Nililia mpaka muuguzi akaninyang'anya simu.

Mutiso yuko hai, na kwa hilo nashukuru kila nipigapo magoti. Lakini aliacha duka, akarudi kwetu Machakos, anachonga vinyago na binamu zetu. Meno manne hana. Utani umemwisha. Na ukimwita haitiki. Hata mimi niliyemlea, nikifika nyumbani lazima nimwendee alipo, nisimame mbele yake anione, nimguse mkono, ndipo aseme karibu dada. Nilimwomba msamaha, akaniambia ameshanisamehe, na naamini, lakini jina lake alilompa mama halimfai tena kitu, ni mimi niliyemharibia. Siku hizi faili nazipa majina moja moja, na kila uso naufungua nautazama. Mama Ndinda ananung'unika kwamba nachelewesha kazi. Anung'unike.

Yule mama wa mahindi alikuja kuniona wodini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mfuko wa mahindi ya kuchemsha mapajani, akaniomba aione picha tena. Alipoishika akaniambia siku Wekesa alipouawa walikuwa wengi, na yeye alikuwa mbele. "Alitaja jina lake mara nyingi," akasema. "Nililisikia vizuri. Na mimi nilirusha."

Kwa hiyo nakusihi wewe unayenisikiliza, na wala sikutanii. Ipo siku utapita mahali ukute watu wamemzunguka mtu, na neno lile limeshasemwa, na mkono wako utawasha. Usiokote kitu. Penya, umwinamie, umuulize jina lake na la mama yake, kisha uyarudie kwa sauti wote wasikie. Fanya hivyo mapema, kabla ya jiwe.